Ghorofa ya Kumi na Moja: Mjadala kuhusu Sheria ya Udhibiti wa Majengo

Udhibiti wa majengo ni tawi la sheria linaloamua nani aruhusiwe kujenga nini, mahali gani, kwa vipimo vipi na chini ya uangalizi wa nani. Nchini Tanzania tawi hilo halimo katika kitabu kimoja: mjenzi wa mjini hukutana na Sheria ya Mipangomiji Na. 8 ya mwaka 2007, na Kanuni za Udhibiti wa Uendelezaji za mwaka 2008 zinazotumiwa na halmashauri za miji, na sheria za usajili wa makandarasi na wahandisi, zote mbili za mwaka 1997, na ile ya wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi ya mwaka 2010, bila kusahau zimamoto, mazingira, na usalama na afya mahali pa kazi. Hakuna anayelalamika kwamba sheria ni chache. Kinachobishaniwa ni mahali zinapoweka uzito wake. Mjadala ufuatao unakutanisha sauti tano, za wakili, mhandisi wa miundo, afisa mipangomiji, fundi mkuu na mama mwenye kiwanja, ambazo hazimwakilishi mtu yeyote mahususi bali misimamo inayosikika kila palipo na kokoto na nondo.

Wakili anaanza kwa kutenganisha mambo ambayo mtaani huchanganywa. Kibali cha uendelezaji, anasema, ni ruhusa ya kuitumia ardhi kwa namna fulani, iwe makazi, biashara au karakana; kibali cha ujenzi ni ruhusa ya kusimamisha jengo mahususi kwa michoro iliyopitishwa na mamlaka ya upangaji, ambayo kwa kawaida ni halmashauri; na hati ya kukaliwa ni uthibitisho kwamba jengo lililokamilika ndilo lile lililoruhusiwa na kwamba watu wanaweza kuingia. Ndiyo maana mtu huweza kuwa na hati miliki isiyo na doa na bado akawa anajenga kinyume cha sheria, kwa sababu umiliki wa kiwanja ni jambo moja na ruhusa ya kukijenga ni jambo jingine. Ndani ya kibali hicho yamo masharti ya vipimo. Mstari wa ujenzi ni mpaka wa ndani ya kiwanja ambao ukuta hauruhusiwi kuuvuka kuelekea barabarani au kwa jirani. Kiasi cha kufunika ni sehemu ya kiwanja inayoweza kukaliwa na jengo, na nyingine iachwe wazi kwa hewa, maji ya mvua na gari la zimamoto. Uwiano wa sakafu ni jumla ya eneo la ghorofa zote ikilinganishwa na eneo la kiwanja, hivyo kiwanja cha mita za mraba 600 chenye uwiano wa 2 kinaruhusu mita za mraba 1,200 za sakafu, ziwe ghorofa nne za mita 300 au sita za mita 200. Uzingatiaji, kwa lugha ya kisheria, ni kulingana kwa jengo lilivyo na karatasi hizo zilivyo, na anayekiuka hajiokoi kwa kudai kwamba hakukusudia, kwa kuwa makosa mengi ya aina hii hubeba dhima isiyotegemea nia: tendo likithibitika, kosa limethibitika.

Mama mwenye kiwanja anamsikiliza mpaka mwisho, kisha anauliza swali ambalo wakili hakulitarajia. "Wakili, karatasi zote hizo zinadaiwa kabla sijachimba hata shimo la choo. Nikishaanza kujenga, nani anakuja?"

Swali hilo, kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, ndilo kiini cha mjadala mzima, ingawa wakili analipita haraka na kurudi kwenye umuhimu wa kibali. Anaeleza kwamba michoro ya usanifu huonyesha jengo litakavyoonekana na kutumika, na michoro ya miundo huonyesha namna uzito utakavyoshuka kutoka kwenye paa kupitia jamvi, boriti na nguzo hadi kwenye msingi na udongo, na kwamba halmashauri huipitia yote kabla ya kugonga mhuri. Mama anajibu kwamba huko kupitia kunaweza kuchukua miezi, wakati bei ya saruji haimsubiri mtu, na kwamba majirani zake wa Kenya wana dawa ya jambo hilo. Anayoitaja ni Sheria ya Mipango ya Maeneo na Matumizi ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2019, inayosema kwamba mwombaji asiyepata jibu la maandishi ndani ya siku 60 atachukuliwa kuwa amepewa ruhusa. Wanasheria huita hali hiyo kibali cha kudhaniwa, yaani ruhusa inayozaliwa na ukimya wa mamlaka.

Mhandisi haipendi dawa hiyo hata kidogo. Anakubali kwamba mwananchi ana haki ya kujibiwa kwa wakati na kwamba afisa anayekalia jalada amefanya kosa, lakini hoja yake ni kwamba adhabu ya kosa hilo ingemwangukia afisa, si mpangaji wa ghorofa ya tatu ambaye hajawahi kuliona jalada. Ruhusa ya kubadili duka kuwa mgahawa yaweza kudhaniwa bila madhara makubwa. Hesabu ya nguzo haiwezi. Wakili anamrekebisha kwa haki: ruhusa inayodhaniwa ni ya uendelezaji wa ardhi, na haimwondolei mjenzi wajibu wa kanuni za majengo, ambazo Kenya ilizitoa upya katika Kanuni ya Taifa ya Majengo ya mwaka 2024, iliyoanza kutumika tarehe 1 Machi 2025 badala ya amri ya mwaka 1968. Hata hivyo mama amepata alichotaka kuonyesha, kwamba sheria inayochelewa hufundisha watu kuikwepa.

Afisa mipangomiji anaingia hapo akiwa na kinyongo kidogo, kwa kuwa ofisi yake ndiyo inayosemwa. Anakumbusha kwamba kukwepa huko kuna mizizi ya zamani kuliko watumishi wa leo. Kanuni ya ujenzi ya Wajerumani ya mwaka 1891 iliugawa mji wa Dar es Salaam kwa aina ya majengo yanayoruhusiwa katika kila eneo, na kwa kuwa ni wachache waliomudu jengo la daraja la kwanza, mgawanyo wa kuta ukawa mgawanyo wa watu. Waingereza waliofuata wakaacha Kanuni za Majengo ya Miji za mwaka 1930, ambazo ziliendelea kuishi muda mrefu baada ya wao wenyewe kuondoka. Sheria iliyoanza kwa kuwaambia wengi kwamba nyumba zao si nyumba haikupata heshima kwa urahisi. Leo sehemu kubwa ya wakazi wa Dar es Salaam wanaishi katika makazi yasiyopangwa, ambako kiwanja hupatikana kwa mauziano mbele ya mjumbe na serikali ya mtaa, wengine wana leseni ya makazi inayotolewa chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, na urasimishaji, yaani kupima na kutambua kilichokwisha kujengwa, unafuata nyuma ya matofali badala ya kuyatangulia. "Ukiwadai hawa wote kibali kama kilivyo," anasema afisa, "utakuwa umeuharamisha mji."

Hoja ya afisa ni nzito, ila inaficha tofauti ambayo mjadala hauwezi kuivuka. Nyumba ya vyumba vinne ya chini, iliyojengwa kwa tofali za saruji na kuezekwa bati, ikiwa na kasoro itapasuka ukuta na kumtia hasara mwenyewe. Jengo la ghorofa likiwa na kasoro huua watu wasiohusika. Kuzijadili nyumba hizo mbili chini ya neno moja la kibali kumewapa faraja wote wenye maslahi, kwa sababu mwenye jengo refu hujificha nyuma ya unyonge wa mwenye nyumba ndogo, na halmashauri hujificha nyuma ya wingi wa nyumba ndogo isizoweza kuzikagua.

Hapo fundi mkuu, ambaye hajasema neno, anaulizwa namna zege linavyomwagwa. Anaeleza bila kujitetea. Uwiano unaojulikana saiti ni moja kwa mbili kwa nne, saruji, mchanga na kokoto, kwa ndoo au kwa karai. Maji hupimwa kwa jicho. Zege likiwa gumu kusambaa katikati ya nondo zilizobanana, mtu huongeza ndoo ya maji, nalo huwa laini na kazi huenda. Mhandisi anamkatiza kwa upole, akieleza kwamba ndoo hiyo ndiyo inayokula nguvu, kwani maji yanayozidi yale yanayohitajiwa na saruji huacha vishimo vidogo visivyoonekana yanapokauka. Vipimo vyake si vya siri wala vya gharama ya kutisha: koni ya chuma yenye kimo cha milimita 300 hujazwa zege na kunyanyuliwa, kisha hupimwa zege limeshuka kiasi gani, na michemraba yenye upande wa milimita 150 hujazwa zege lile lile, ikatunzwa kwenye maji na kuvunjwa kwa mashine siku ya 7 na siku ya 28, ili ijulikane kama nguvu iliyoandikwa kwenye mchoro ndiyo iliyomo kwenye nguzo.

"Mhandisi, hayo ya koni na mchemraba tunayaona kwenye miradi ya serikali," anasema fundi. "Kwenye jengo la mtu binafsi, mwenyewe akija saiti anauliza jambo moja tu: leo mmefika wapi? Mirunda na mbao ni za kukodi, kila siku zinapokaa chini ya jamvi ni hela, na hizo hizo ndizo zinazosubiriwa juu. Nikimwambia tungoje, kesho analeta fundi mwingine."

Maneno hayo yanastahili kukaliwa kitako kuliko hotuba yote ya wakili. Zege hupata nguvu yake kwa siku, na hupimwa rasmi siku ya 28, lakini ratiba ya saiti hupanda ghorofa mpya kabla ya ile ya chini kukomaa. Mirunda ikiondolewa mapema, jamvi changa hubeba uzito wake, na wa wafanyakazi, na wa zege bichi lililo juu yake. Hakuna kibali duniani kinachoweza kuona jambo hilo, kwa kuwa kilitolewa kabla halijatokea. Anayeweza kuliona ni mtu aliyesimama pale siku ile, na huyo ndiye sheria inamwita mkaguzi wa hatua: ukaguzi wa hatua ni ule unaofanywa msingi unapochimbwa, nondo zinapofungwa kabla ya zege, kila jamvi linapokamilika, na mwisho jengo zima. Kanuni zinautambua, lakini halmashauri yenye wahandisi wachache na gari moja huutimiza kwa bahati.

Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya Dar es Salaam, liliporomoka asubuhi na kuua watu 36. Kwa taarifa zilizotolewa wakati ule, kibali chake kilikuwa cha ghorofa 10. Yaani kibali kilikuwapo. Jengo lilipita mlango wa sheria likiwa na urefu mmoja, likaendelea kukua mbele ya macho ya mtaa mzima, na ghorofa ya kumi na moja haikukutana na swali lolote lenye nguvu ya kuisimamisha, wala ya kumi na mbili, wala zilizofuata.

Mhandisi anaifanya hesabu mbele ya wenzake. Katika jengo la kawaida la zege, kila mita ya mraba ya ghorofa, ukijumlisha jamvi, kuta, vigae na watu, hukadiriwa kwa haraka kuwa na uzito wa tani moja hivi. Nguzo ya chini inayobeba eneo la mita tano kwa tano hupokea basi tani 25 kutoka kila ghorofa, na ghorofa 10 huiletea tani 250. Ghorofa 16 huiletea tani 400. Mama anamwambia alichowahi kusikia, kwamba wahandisi huweka akiba. Ni kweli huweka, anajibu mhandisi: huitwa kipimo cha usalama, na hupatikana kwa kukuza uzito unaotarajiwa na kupunguza nguvu inayotarajiwa kabla ya kusanifu. Lakini akiba hiyo ilikwisha kupangiwa kazi, ya kufidia ndoo ile ya maji, mchanga wenye udongo, nondo iliyowekwa pembeni kidogo, na saruji iliyokaa stoo mpaka ikashika unyevu. Anayeitumia kuongeza ghorofa ameitumia mara mbili.

Wakili, aliyerudi kwenye uwanja wake, anataka kujua nani alipe. Uzembe, anaeleza, ni kukiuka wajibu wa uangalifu ambao mtu anao kwa wale anaoweza kuona mapema kwamba tendo lake litawadhuru, na mtu akifa kwa uzembe mkubwa shauri huwa la jinai, la kuua bila kukusudia. Dhima ya pamoja na ya mmoja mmoja maana yake ni kwamba mwenye jengo, mkandarasi na mhandisi wakishirikiana katika kosa, aliyedhurika anaweza kumdai yeyote kati yao fidia yote, nao wakagawane wenyewe baadaye. Lakini halmashauri je? Hapa sheria inayoyumba ni ile ile Afrika Mashariki iliyoirithi. Mwaka 1977, katika shauri la Anns dhidi ya halmashauri ya Merton ya London, mahakama ya juu ya Uingereza ilikubali kwamba halmashauri inayokagua misingi kwa uzembe inaweza kuwajibika kwa wakazi. Mwaka 1990, katika shauri la Murphy dhidi ya halmashauri ya Brentwood, mahakama hiyo hiyo ikautangua msimamo huo, ikisema gharama ya kurekebisha kasoro ni hasara ya fedha tupu isiyodaiwa kwa njia hiyo. Maamuzi hayo hayazifungi mahakama za Dodoma wala Nairobi, bali hushawishi, na afisa mipangomiji anayasikiliza kwa utulivu mkubwa.

Kuhusu adhabu hakuna mengi ya kubishana. Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 inamtoza anayeanza uendelezaji bila ruhusa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili. Mjenzi wa jengo refu la kupangisha huweza kuiweka faini hiyo kwenye bajeti pamoja na rangi. Alama nyekundu ya X inayochorwa kwenye majengo ya kubomolewa nayo haina miguu: jengo la ghorofa sita la Huruma, Nairobi, lililoanguka usiku wa tarehe 29 Aprili 2016 na kuua takriban watu 50, lilikuwa limekwisha kutajwa miongoni mwa yanayopaswa kubomolewa, na wapangaji walikuwa ndani.

Linalochekesha, ikiwa kicheko kinaruhusiwa katika somo hili, ni kwamba serikali inajua kuhesabu ghorofa inapotaka. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo Tanzania hukatwa kupitia mita za umeme za LUKU, na viwango vya mwanzo vilikuwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na, mijini, shilingi 5,000 kwa kila ghorofa. Ina maana idadi ya ghorofa imekuwa kumbukumbu ya kodi, huku kumbukumbu ya vibali ikikaa kwenye jalada la ofisi nyingine, na hakuna anayelazimika kuzilinganisha. Mama mwenye kiwanja amekuwa akidai kwamba serikali inayopokea kodi ya jengo imelitambua jengo. Wakili anamkatalia, kwani kulipa kodi hakuhalalishi kilichojengwa bila kibali, na yuko sahihi kisheria. Lakini kiutawala mama ameugusa ushahidi ambao ungesimamisha ghorofa ya kumi na moja.

Fundi naye ana dai lake. Sheria inamjua mkandarasi na kumpa madaraja saba. Inamjua mhandisi na mbunifu na kuwapa mihuri, ingawa mhandisi mwenyewe anakiri kwamba wapo wenzake wanaoikopesha mihuri hiyo kwa saiti wasizozikanyaga. Aliyelikoroga zege haimjui kwa jina, wala haimpi mahali pa kuandika kwamba aliagizwa kuondoa mirunda siku ya tano akakataa. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Fundi anataka ujuzi huo ukishatambuliwa upewe na sauti, yaani daftari la saiti ambalo sheria italiheshimu, lenye tarehe ya kila zege, hali ya hewa, majibu ya mchemraba, na sahihi yake kando ya sahihi ya mhandisi. Wakili, ambaye hapo awali alimwona kama shahidi tu, anaona ghafla thamani ya karatasi hiyo mahakamani.

Afisa mipangomiji anarudi na pingamizi la mwisho: ukaguzi wa kila hatua kwa kila jengo hauwezekani kwa watumishi waliopo, na kumkatia umeme asiye na hati ya kukaliwa, ili kumlazimisha aipate, kutawaacha gizani wanyonge kabla ya matajiri. Pingamizi hilo linajibika kwa ile tofauti iliyokwisha kutajwa. Nyumba ya chini ipewe utaratibu mwepesi, wa fomu moja, ramani za mfano zilizokwisha kupitishwa, na jibu la haraka, hata la kudhaniwa. Jengo la ghorofa lisipande sakafu nyingine bila sahihi ya mkaguzi wa ile iliyotangulia, gharama ya ukaguzi huo ikilipwa na mwenye mradi kama anavyolipia nondo, na mita za umeme za wapangaji zisifungwe mpaka hati ya kukaliwa ionyeshe idadi ya ghorofa zile zile zilizo kwenye kibali. Sharti hilo liendelee hata baada ya jengo kukaliwa, maana jengo la biashara la Kariakoo lililoanguka tarehe 16 Novemba 2024 na kuua watu zaidi ya 20 lilikuwa likitumika, na taarifa za awali zilitaja uchimbaji uliokuwa ukiendelea chini yake; kubadili jengo ni kujenga upya, na sheria ilitazame hivyo.

Wanne kati ya watano wanakubaliana na mpango huo, kila mmoja kwa sababu zake. Mama mwenye kiwanja anasema ataukubali siku jirani yake atakapolazimishwa kwanza, na kwa kuwa hakuna sheria ya sasa inayoulazimisha kwa ukamilifu huo, anayetaka kupanga au kununua sehemu katika jengo refu hana budi kujikagulia mwenyewe: aombe kuonyeshwa kibali cha ujenzi na hati ya kukaliwa, asome idadi ya ghorofa iliyoandikwa, kisha avuke barabara azihesabu.